Inaendeshwa na Kobe

Mama Koma hakuwa na mtoto aitwaye Koma. Jina hilo alibandikwa na mafundi wa mitambo katika kiwanda cha uchapaji, ambako kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kusoma maandishi ya watu kabla hayajachapwa na kuyatia kalamu nyekundu. Aliweza kusimamisha mtambo mzima kwa ajili ya koma moja iliyokaa vibaya, na aliusimamisha mara nyingi, hata ikafika mahali mafundi wakimwona anashuka ngazi na karatasi mkononi, wanazima mitambo wenyewe na kwenda zao kunywa chai. Wanawe watatu walikuwa na majina yao mazuri tu, ila hata mwalimu wao mkuu alimwita Mama Koma. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, alianza kumwita hivyo kwa utani, kisha akasahau kuacha. Mwenyewe alisema jina lilimkaa sawa kwa maana zote mbili, maana nyumbani watoto walilisikia kutwa: koma, koma, nimesema koma.

Kadi za harusi, vitabu vya hesabu, maelekezo ya dawa za mifugo, hotuba za wagombea walioshindwa, vyote vilipita mikononi mwake. Jina lake halikuandikwa popote. Mwanzoni mwa vitabu waandishi waliwashukuru wake zao, walimshukuru Mungu, na mmoja alimshukuru mbwa. Mama Koma alisahihisha jina la yule mbwa, likatoka safi.

Watu walipoanza kutumiana kadi za harusi kwa simu, kiwanda kikafungwa, mitambo ikauzwa kwa kilo. Alikaa nyumbani kwa muda, akisahihisha vibao vya maduka kila alipopita mtaani, mpaka mumewe akamwomba atafute kazi kabla hajapigwa na wenye maduka. Ndipo alipoingia katika kampuni ya kutengeneza tovuti na programu za simu.

Kampuni yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la matairi. Harufu ya mpira ilipanda ngazi pamoja na wageni. Bosi wake alikuwa na umri wa mwanawe wa kwanza, kijana mwembamba mwenye kompyuta mbili na shati moja alilolipenda kuliko mengine. Alimwita "mama" alipotaka kitu, na "mama yangu" alipotaka kitu kigumu. Kazi ya Mama Koma ilikuwa kuyapa Kiswahili maneno yote yanayotokea kwenye kioo: vitufe, maonyo, maelekezo, kila kitu. Hakuikuta kazi ndogo. Katika tovuti ya hospitali fulani alikuta kwamba mgonjwa akikaa kimya kidogo bila kubonyeza chochote, anaandikiwa kwa herufi kubwa: "Muda wako umekwisha." Hilo alilibadilisha siku hiyohiyo, kabla ya chai.

Sasa, yule bosi hakuwa akijenga kila tovuti tangu msingi. Alikuwa na programu ya bure aliyoichukua mtandaoni, inayomrahisishia kazi ya kupanga kurasa, na programu hiyo iliitwa Kobe. Walioitengeneza walikuwa watu wa mbali sana, wasiojua Kiswahili hata cha kuombea maji, ila wenye tabia ya kuokota maneno ya watu kwenye kamusi na kuvibatiza vitu vyao. Hawakutaka malipo. Sharti lao lilikuwa moja: chini ya kila ukurasa uachwe mstari mdogo unaosema kwamba Kobe ndiye aliyetumika. Mstari huo ulikuwa wa Kiingereza. Bosi akaona wateja wapewe heshima yao, uwe wa Kiswahili.

Ulikuwa wa mwisho katika rundo la maneno ya siku hiyo, na njaa ilishaanza kumsemesha tumboni. Mama Koma akaandika "Inaendeshwa na Kobe", akachukua mkoba wake, akashuka kwenda kula.

Mteja wa kwanza kupata mstari huo alikuwa shule ya udereva.

Mwenye shule aliitwa Mkuu na wanafunzi wake, kwa sababu alisimama kama mkuu wa jeshi na alivaa kofia hata ndani ya gari. Kabla ya kufungua shule aliendesha gari la maiti nusu ya maisha yake, na huko ndiko alikojifunza mwendo. Abiria wake hawakuwahi kumhimiza. Alipoanza kufundisha hakuona sababu ya kubadilika: gari lake la mafunzo lilipita barabarani taratibu kiasi kwamba watu waliokuwa wakitembea kwa miguu walimsalimia, wakamuuliza habari za nyumbani na kusubiri jibu lote. Ng'ambo ya barabara, geti kwa geti, mdogo wake wa tumbo moja alikuwa na shule nyingine ya udereva, na hiyo ilijisifu kwamba mtu anaingia Jumatatu hajui usukani ni upi, na kabla mwezi haujaandama ana leseni. Ndugu hawa walisalimiana kwa honi.

Mtaa mzima ulimwita Mkuu "Kobe", isipokuwa mbele yake. Mama Koma hakulijua hilo. Aliishi upande mwingine wa mji na hakuwa na habari na mambo ya magari. Mumewe aliwahi kumfundisha kuendesha, mara moja tu, na ndoa ikapona kwa bahati.

Kwa hiyo tovuti ikazinduliwa. Juu kulikuwa na jina la shule, katikati picha ya Mkuu na kofia yake, na chini kabisa, wazi na bila aibu: Inaendeshwa na Kobe. Na kwa kuwa bosi alikuwa mtu wa kurahisisha mambo, vyeti vya wahitimu navyo vilichapwa kutoka kwenye tovuti ileile. Mshona nguo mmoja, aliyesota kwa Mkuu mpaka akaivishwa, alikipeleka cheti chake kutiwa fremu. Fundi wa fremu akakisoma kwa sauti dukani: huyu amehitimu mafunzo ya udereva, inaendeshwa na Kobe. Dukani walikuwepo watu. Wengine ilibidi washikiliwe wasianguke kwa kucheka.

Mdogo mtu hakulaza damu. Alipiga picha ule ukurasa, akaupeleka kwa wachapaji wa mabango, na wiki ilipoanza palikuwa na bango la urefu wa ukuta juu ya geti lake, picha ya tovuti ya kaka yake ikiwa imekuzwa, na juu yake maneno: "Wamekiri wenyewe."

Mkuu alikwenda kwenye kampuni asubuhi hiyohiyo. Bosi aliliona gari lake likiingia mtaani, akapata muda wa kufunga kompyuta zote mbili, kufuta meza, kupanga viti na kuvaa uso wa huruma, na gari lilikuwa bado linatafuta mahali pa kuegesha.

Mkuu alipanda ngazi, akasalimia kila mtu kwa mkono, akakaa. Akaweka simu yake mezani mbele ya bosi.

"Nisomee hapo chini," alisema.

"Inaendeshwa na Kobe," bosi alisoma.

"Endelea."

"Imeishia hapo, mzee."

"Nilidhani kuna mengine. Nilidhani labda na mke wangu mmemtaja jina lake la utani." Akavua kofia, akaipakata. "Nani kawaambia habari hizo?"

"Habari gani, mzee wangu? Kobe ni programu."

"Programu."

"Ya kompyuta. Ndiyo tuliyotumia kutengeneza tovuti yako."

"Na imeanza lini kuendesha shule yangu?"

Mama Koma alikuwa kwenye meza yake ya pembeni, kichwa ameinamisha kwenye maneno ya mteja mwingine. Swali hilo lilimfanya ainue kichwa. Aliiona kasoro papo hapo, tena yote. Ile "i" ya mwanzo haikuwa na mwenyewe. Ukurasa ungekuwa "unaendeshwa", cheti kingekuwa "kinaendeshwa", lakini yeye aliandika "inaendeshwa", na katika karatasi nzima kitu pekee chenye haki ya kuidai "i" ile kilikuwa shule. Maisha yake yote alikuwa akiwazungushia watu wengine kosa hilo kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: nini inaendeshwa?

Bosi naye alikuwa anatafuta mlango wa kutokea, akaupata. "Mzee, tusamehe. Unajua siku hizi tafsiri inafanywa na mashine. Kompyuta ndiyo iliyokosea. Haina akili ya kujua."

Kosa lilikuwa limemuuma Mama Koma, lakini hili lilimuuma zaidi. Alijiona akiwa ametoka kwenye kitu kisichoandikwa popote, na sasa amefika kwenye kitu kisicho na akili. Akasimama.

"Si mashine," alisema. "Ni mimi niliyeandika."

Bosi alimtupia jicho la kumsihi anyamaze. Mkuu aligeuka na kiti chake, taratibu kama alivyofanya kila kitu, akamtazama.

"Mama, una ugomvi na mimi?"

"Sina, mzee. Hata nilikuwa sikujui."

"Na huyo mdogo wangu wa ng'ambo, unamjua?"

"Simjui pia. Niliandika nikiwa na njaa. Sikuangalia."

Mkuu alifikiri. Ilionekana ameshakutana na visingizio vingi vibaya kuliko hicho. "Basi futeni," alisema.

"Kufuta ndiko hatuwezi," bosi akaingilia. "Tukiufuta tutakuwa tumevunja masharti. Leseni ya programu hairuhusu."

"Leseni?" Mkuu akairudisha kofia kichwani. "Kijana, mimi unanifundisha habari za leseni?"

Akawapa mpaka mwisho wa wiki. Wakifika hapo bila jibu, angekwenda kwa wakili, na hata bosi alijua kwamba mtu yule angefika huko, hata kama angechelewa.

Jioni Mama Koma alikuwa anachambua mchele sebuleni huku akiyajaribu maneno kwa sauti. Mumewe alikuwa amelala kwenye kochi na buti zake, na wifi yake, dada wa mume, aliyekuja kusalimia tangu mwaka uliopita na hakuonyesha dalili ya kuondoka, alikuwa anasuka nywele zake mwenyewe mbele ya kioo.

"Kwa nguvu za Kobe," Mama Koma alisema.

"Huyo anatibu nini?" wifi aliuliza bila kugeuka. "Kama ni mgongo nipe namba."

"Imewezeshwa na Kobe."

"Hapo kutakuwa na semina," mumewe alisema. "Na soda."

Mama Koma akatoa kokoto kwenye mchele. "Kwa hisani ya Kobe."

"Anagombea kiti gani?" wifi alisema. "Mwambie mimi kura yangu sitoi kwa fulana. Alete sukari."

"Imejengwa kwa Kobe?"

Mumewe alifumbua jicho moja. "Kobe wangapi? Maana wale ni wadogo, ukuta utakula wengi."

Mama Koma akaweka ungo chini, akawaambia kwamba nyumba hii ina watu wawili na haina hata mmoja wa maana. Mumewe akaona amezidisha, akainuka na kukaa.

"Mke wangu, mimi sielewi hata shida yenyewe. Nikimchomelea mtu geti, siandiki mashine niliyochomelea inaitwaje. Geti ni geti."

"Wala jina lako huandiki," wifi alisema.

"Wala langu."

"Ndiyo maana wale uliowachomelea mageti ya kanisa wakamshukuru mwenye duka la rangi."

Fundi alianza kufungua kamba za buti. Jambo hilo lilikuwa la zamani, lakini kumbe lilikuwa bado halijapoa. Mama Koma aliurudia mchele wake. Alikuwa amewakasirikia wale watu wa mbali tangu asubuhi, na jina lao la kuokota, na mstari wao wa kung'ang'ania. Sasa akaona hasira imepungua nusu. Watu wamefanya kazi, wameigawa bure, wamesema tutajeni tu. Yeye kwa miaka yote ile hata mbwa alimtangulia, na hakuwahi kusema. Hapana, mstari ungebaki. Ila useme kitu kinachoeleweka, na kila kiambishi kiwe na baba yake.

Asubuhi hakwenda kazini moja kwa moja. Alikwenda kwenye shule ya udereva. Alimkuta Mkuu ameshaingia kwenye gari, upande wa mwalimu, na kwenye usukani amekaa muuza samani mnene ambaye jasho lilimtoka kabla gari halijawashwa.

"Nina somo," Mkuu alisema. "Kama una neno, panda nyuma."

Akapanda. Gari likaondoka kwa mwendo wa bibi harusi. Walipopita chini ya lile bango la ng'ambo, Mama Koma aliyaona maneno yake yamekuzwa ukubwa wa mtu mzima, akainamisha macho kwenye mkoba. Mkuu alitazama mbele.

"Nimeandika hivi," Mama Koma alisema walipolipita. "Ukurasa huu umetengenezwa kwa programu iitwayo Kobe."

Mkuu aliacha maduka kadhaa yapite. "Rudia."

Akarudia.

"Hapo shule haimo," alisema Mkuu.

"Haimo kabisa. Ni ukurasa tu."

"Sasa mimi naitaka iwemo. Watu wameshasoma kwamba inaendeshwa na mtu. Ukinyamaza, watasema ni kweli. Andika: shule hii inaendeshwa na mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mimi."

"Mzee, anayesoma hakuoni. Mwenyewe anaweza kuwa hata huyo mwenzako wa ng'ambo."

"Mwenye shule, basi."

"Afadhali. Lakini mwenye shule anaweza kuwa mtu aliyekaa nyumbani, anangoja fedha ziletwe."

Muuza samani akakohoa. "Mkuu, taa nyekundu ile, au bado iko mbali?"

"Ni nyekundu. Kanyaga breki. Breki, si hiyo." Gari likasimama kwa kishindo kidogo. Mkuu akageuka nyuma kwa mara ya kwanza. "Mama, wewe ni mgumu kuliko mtihani wa serikali."

"Ndiyo kazi yangu."

"Na juzi ilikuwa wapi?"

Mama Koma alisema pole, na safari hii hakutaja njaa. Mkuu akatikisa kichwa, akageuka mbele. Taa ilipobadilika alimwacha muuza samani atafute gia kwa muda wake, huku magari ya nyuma yakipiga honi.

"Jina hilo alinipa mdogo wangu," Mkuu alisema, kama anayezungumza na kioo cha mbele. "Siku nilipomfundisha kuendesha. Alitaka kukimbia, nikamwambia taratibu. Akasema, wewe Kobe. Watu walikuwepo, wakalichukua. Mimi ndiye niliyempa kazi ya mkononi, hebu fikiria." Kisha akamwambia mwanafunzi, "Sasa twende. Usiwasikilize hao wa nyuma, hawakulipia."

Walipozunguka na kurudi, mstari ulikuwa umepatikana. Ulikuwa mistari miwili: "Shule hii inaendeshwa na Mkuu mwenyewe. Ukurasa huu umetengenezwa kwa programu iitwayo Kobe."

Ofisini, bosi aliusoma akakunja uso. "Mama yangu, huu ni mrefu. Kwenye simu utafunika nusu ya kioo."

"Punguza picha ya kofia."

"Watu siku hizi hawasomi, wanataka maneno mawili matatu."

"Matatu tuliwapa," Mama Koma alisema. "Na bosi, jambo moja. Siku nyingine nikikosea, sema Mama Koma amekosea. Usiseme mashine."

Kijana aliivuta kompyuta yake. Akauweka mstari kama ulivyo, na picha ya kofia ikapungua. Kwa kujilinda, aliwaandikia wale watu wa mbali kuuliza kama maneno hayo yanatosha. Wakajibu kwa furaha kwamba yanatosha kabisa, na wakaomba kujua, kama si usumbufu, neno "kobe" maana yake nini hasa, kwa sababu wao waliambiwa ni kitu chenye kasi kama umeme. Bosi akamwachia Mama Koma swali hilo. Alilijibu kwa ukweli na kwa adabu. Siku chache baadaye wakaweka picha ya kobe kwenye tovuti yao, wakasema wamempenda.

Lile bango halikushushwa na mtu. Liliangushwa na mwanafunzi wa mdogo mtu, aliyekuwa anajifunza kurudi nyuma kwa kasi ya shule yake. Aliigonga nguzo iliyolishikilia, nguzo ikalala juu ya gari, na bango likawafunika wote, mwanafunzi na mwalimu. Mama Koma hakuwepo. Alisimuliwa na yule mshona nguo, aliyefika ofisini kuomba cheti chake kichapwe upya, naye alisimulia kwa mikono yote miwili. Alisema Mkuu aliona kila kitu kutoka getini kwake. Akaingia ndani, akatoka na kamba na jeki, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama kulia tena, ndipo akavuka. Wakainua nguzo, ndugu wawili. Mwishoni mdogo akasema, "Asante, Ko—," akajikata, akasema, "Asante, kaka." Mkuu akamwambia breki za lile gari zinahitaji kuangaliwa, akarudi kwake. Bango jipya halikuwekwa. Salamu za honi ziliendelea, ila mshona nguo aliapa kwamba zimekuwa fupi na za kirafiki zaidi.

Nusu ya pili ya ule mstari ilianza kutumika katika tovuti zote za kampuni. Mama Koma hakupandishwa cheo, kwa sababu chumba hakikuwa na cheo cha kumpandisha. Lakini bosi akawa anamsomea kila kitu kabla hakijatoka, na akizungumza na wateja anasema, "Ngoja nimuulize Mama Koma," mbele yao, na jina analitaja.

Siku moja alikuwa kwenye foleni ya kliniki ya macho, maana macho hayakuwa yale ya zamani. Mwanamke wa pembeni alikuwa anatafuta namba yake kwenye tovuti ya kliniki, akisoma kila anachokiona kwa sauti ya chini, kama wanavyofanya watu waliosahau miwani. Alisoma saa za kufungua. Alisoma jina la daktari. Akateremka hadi chini, akasoma, "Ukurasa huu umetengenezwa kwa programu iitwayo Kobe."

Mama Koma akakaa sawa, akangoja.

Yule mwanamke hakuuliza kitu. Hakucheka, hakukunja uso, hakumgeukia mtu. Alipandisha tena juu, akaiona namba yake, akaitia simu mkobani na kupiga miayo. Mama Koma akajiegemeza kwenye kiti, ameridhika kabisa, mpaka muuguzi alipoita zamu yake na kulikosea jina lake, naye akasimama kumsahihisha.